Bahasha za Kushoto

Zimefika Jumanne, ndani ya boksi la viatu vya mtoto,
manowari kumi na nne za risasi;
ndefu kupita zote haifiki kidole changu cha mwisho.
Risasi hii ingeweza kuwa kitu kingine.
Imeyeyushwa ikawa meli. Nashukuru, natia saini, nafunga mlango
kwa bega, maana upepo wa Punta Arenas
haubishi hodi: unaingia na kofia ya tarishi.

Miaka thelathini na mmoja nimewakatia watu miwani.
Nimestaafu na tupa zangu, na vibano vyangu,
na lenzi ya jichoni inayoniachia duara jekundu.
Sasa nakwangua mabaki ya kalibu tumboni mwa kruza,
vumbi la kijivu linadondoka gazetini
juu ya bei ya sufu.

Zorka anauliza, vita hivi ni vya mwaka gani?
Mwaka wowote, namwambia. Nchi zenyewe hazipo.
Visiwa nimevichora nyuma ya karatasi ya ukuta iliyobaki:
Kisiwa cha Sindano, Rasi ya Mama Mkwe,
Mwamba Usioandikwa.
"Na adui ni nani?"

Rangi ikanikaukia kwenye brashi.

Mwamba ngoma huvutia kwake.
Nikiisogeza Buluu, kidole kinajua Nyekundu iko wapi;
nikiificha Nyekundu nyuma ya kisiwa,
jicho lililoificha ndilo linalochungulia.
Basi nimetunga sheria.
Mkono wa kulia ni Buluu. Wa kushoto, Nyekundu.
Wa kushoto una bahasha sita za amri;
naziandika usiku, nazifunga kwa gundi,
nazichanga kama karata, na kufika asubuhi
nimeshasahau kilichomo,
au najidai nimesahau. Umri unanisaidia.
Nani kamwona nani ukunguni, dadu itaamua.

Ya kwanza kupakwa rangi ilikuwa ndogo kuliko zote,
manowari ya topido, dohani tatu, moja imepinda.
Nilijaribu kuinyoosha, ikakatika.
Nikapachika ncha ya sindano ya Zorka (hajui bado)
nikaiita Kiraka.
Nimeipaka kijivu cha mawingu ya Juni,
na ubavuni mstari mweupe
ambao hauonekani ila kwa lenzi,
na mwenye lenzi ni mimi.

Jumamosi nimetandika mezani blanketi letu la harusi, la buluu.
Bati likipigwa na upepo, meza inatetemeka,
kikosi kizima kinasogea nusu sentimita.
Nikaongeza sheria: huo ni mkondo wa maji.

Zamu ya tatu, nikachana bahasha ya kushoto.
Mwandiko wangu, amri ya mtu mwingine:
Geuka. Piga kilicho karibu.
Kilicho karibu kilikuwa Kiraka.

Sita. Na sita tena.

Nilikaa. Nyumba nzima hakuna aliyeona,
Zorka jikoni, na redio, na harufu ya vitunguu.
Dadu ya pili iliegemea kidogo mkunjo wa blanketi.
Ningeweza kusema imeegemea.
Mkono wa kulia ulikwisha kuishika.
Mkono wa kushoto
ukaukamata wa kulia.

Daftarini nikaandika: saa tatu na dakika arobaini usiku, ukungu,
Kiraka imezama, watu tisini na wawili.
Hiyo idadi ya watu sikuipanga.
Kijitabu cha kanuni hakiiulizi.
Nikairudia kuisoma, nikaiacha.

Zorka akasimama mlangoni na sufuria:
"Admirali, tunakula wapi?"
Tukala jikoni, sahani magotini.
Sikumwambia habari za sindano.
Bati likapiga, na kule chumbani, gizani,
bahari ikasogea nusu sentimita,
Nyekundu ikiwa na bahasha tano bado,
na mimi, nusu yangu,
sijui ndani yake mna nini.